Sukari imetulia, mbona uzito unapanda? Jibu kuhusu bajia za koliflawa

Swali:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 47, naishi Tanga. Miezi mitatu iliyopita nilipima afya, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikawa 6.4, presha 138 kwa 86, na kolesteroli mbaya imepanda. Daktari akasema sijafikia kisukari ila niko mpakani, nipunguze wanga, hasa chipsi, maana nilikuwa nazila karibu kila jioni. Nikaziacha kabisa. Sasa nachambua koliflawa, nachovya kwenye rojo la unga wa dengu na kukaanga kwenye karai mpaka ikauke vizuri. Nusu koliflawa naimaliza mwenyewe kila jioni, si mboga? Nikipima sukari saa mbili baada ya kula napata 7 au 7.1, wakati chipsi zilikuwa zinanifikisha 9. Nilifurahi, lakini nimeongezeka kilo mbili. Jirani anasema moto wa mafuta unaua vitamini zote, nakula makapi tu. Mdogo wangu anasema nihamie mafuta ya nazi ndiyo salama. Mama mkwe hataki mume wangu aziguse kwa sababu ana jongo. Mafuta nayatumia wiki nzima, kila siku nayachuja, na dumu limeandikwa 'hayana kolesteroli'. Nani mkweli hapo? Niendelee au niache?"

Jibu:

Njema, dada yangu. Pole kwa kuzungukwa na washauri wengi, na hongera kwa kuziacha chipsi za kila jioni. Wengi huambiwa hivyo na daktari wakaishia kuitikia tu. Wewe umebadilisha chakula, ukapima, ukaandika namba, na ulipoona mizani haikubaliani na kipimo cha sukari ukauliza. Nitakujibu moja kwa moja: koliflawa endelea nayo, hata kila siku ukitaka. Karai ndilo la kupunguza, libaki siku moja au mbili kwa wiki. Sababu nitazieleza kwa kirefu, maana ukizielewa utaweza kuamua mwenyewe hata juu ya bilinganya, samaki na mihogo.

Tuanze na sahani yenyewe. Koliflawa mbichi ni chakula chepesi mno. Gramu 100 zina kalori 25 hivi, wanga gramu 5 ambazo 2 kati yake ni nyuzinyuzi, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji, asilimia 92. Kiazi mbichi cha uzito uleule kina kalori 77 na wanga gramu 17. Kwa hiyo anayesema koliflawa ni bora kuliko kiazi kwa mtu mwenye sukari ya mpakani hadanganyi.

Sasa tuiingize jikoni. Nusu koliflawa ya wastani, baada ya kutoa majani na shina gumu, ni kama gramu 300. Hapo una kalori 75 tu. Rojo la kuifunika lote linataka karibu kikombe kimoja cha unga wa dengu, gramu 90 hivi, na hizo ni kalori 350. Halafu mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta yoyote, yawe ya alizeti, ya mawese, ya nazi au ya zeituni, kina kalori 120. Sahani kama yako hutoka kwenye karai na vijiko vitatu hadi vinne ndani yake, yaani kalori 360 mpaka 480. Jumlisha: unapata kati ya 800 na 900. Katika hizo, koliflawa yenyewe haijafika hata sehemu moja ya kumi. Unachokula kila jioni ni bajia za dengu zenye moyo wa koliflawa, na kwa kalori zinalingana kabisa na sahani ya chipsi.

Kuna jambo hukuligusa kwenye swali lako nami nalishuku. Chipsi zilikuwa ndicho chakula cha jioni. Je, bajia nazo ni chakula cha jioni, au ni kitafunwa cha saa kumi na mbili halafu saa mbili usiku kuna wali? Nikiwauliza watu wa bajia za mboga, mara nyingi jibu ni hilo la pili. Mtu akishaita kitu "mboga" huacha kukihesabu. Na kilo mbili hazihitaji ulafi: kwa hesabu ya jumla, kuongeza kilo mbili za mafuta mwilini ndani ya miezi mitatu kunahitaji ziada ya kalori 170 hivi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja na nusu cha mafuta.

Usichukue vijiko vyangu kama msahafu, pima vya kwako. Leo kabla ya kukaanga, pima mafuta kwa kikombe. Ukimaliza, yaache yapoe, yachuje, uyapime tena. Yaliyopungua, ukitoa matone yaliyobaki kwenye chujio na karatasi, ndiyo mliyokula. Zoezi hili hubadilisha watu kuliko hotuba yangu yoyote.

Sasa kipimo chako cha sukari. Hizo namba 7 na 7.1 ni za kweli, na ni nzuri; saa mbili baada ya kula tunataka iwe chini ya 7.8. Sahani yako ina wanga kidogo kuliko ya chipsi, na wanga wa dengu huvunjwa taratibu kuliko wa kiazi. Hiyo ni faida halisi. Lakini kuna kitu kingine kinachoipendezesha namba hiyo. Mafuta yakiingia kwa wingi kwenye utumbo mwembamba, mwili hulipa tumbo amri ya kufungulia chakula polepole. Wanga unachelewa kufika kwenye damu. Kwa hiyo saa ya pili unaweza kukuta sukari imetulia, kumbe kilele chake kinakuja saa ya tatu au ya nne, wewe umeshaweka mashine kabatini na kulala. Jaribu siku mbili kupima saa ya pili, ya tatu na ya nne baada ya bajia. Kama zote zinabaki chini, vizuri. Kama saa ya nne ni kubwa kuliko ya pili, utakuwa umeuona mchezo wenyewe.

Tena, kile kimashine cha kidole hakioni kolesteroli, hakioni uzito wala presha. Kinaona jambo moja kati ya manne uliyonieleza.

Mafuta yanaingiaje ndani ya bajia? Hapa watu wengi wana picha isiyo sahihi, na ukilielewa hili utapunguza mafuta bila kubadilisha chakula. Wengi hudhani kitu kikiwa ndani ya karai kinakunywa mafuta muda wote. Kinachotokea ni tofauti. Bajia ikizama kwenye mafuta ya nyuzi joto 170 au 180, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Zile povu unazoziona ni mvuke. Wakati mvuke unatoka nje, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Yanaganda juu ya ngozi ya bajia na kwenye vitundu vilivyoachwa na maji. Unapoitoa, ndani kunaanza kupoa, mvuke uliobaki unarudi kuwa maji, nguvu ya msukumo inakatika, na vile vitundu vinafyonza mafuta yaliyo juu kama dodoki. Sehemu kubwa ya mafuta ya bajia huingia hapo, dakika ya kwanza na ya pili baada ya kutoka kwenye moto.

Kwa hiyo mafuta yafukuzwe mapema, bajia ikiwa bado ya moto kabisa. Itoe kwa kijiko cha matundu, ing'ute juu ya karai mara mbili tatu, iweke kwenye chujio la waya au karatasi safi ya jikoni, uigeuze mara moja. Ukiirundika kwenye bakuli ipoe kwanza ndipo ukaipanguse, umechelewa, mafuta yameshaingia. Na gazeti liwe la kusoma tu, wino wake haukutengenezwa kwa ajili ya chakula chenye mafuta ya moto.

Mafuta ya vuguvugu nayo ni adui. Ukijaza karai vipande vingi kwa pamoja, joto linashuka, mvuke unakosa nguvu, chakula kinakaa muda mrefu na kutoka kizito. Dondosha tone la rojo: likizama na kukaa chini, subiri, likipanda mara moja likichemka pembeni, mafuta yako tayari, likigeuka kahawia papo hapo, punguza moto.

Koliflawa ina ubaya wake mmoja ambao kiazi hakina. Ina maji mengi zaidi ya kupoteza, na kichwa chake ni vijitawi na vijishimo, kwa hiyo kwa uzito uleule ina ngozi kubwa ya kushika mafuta. Ukiikaanga tupu bila rojo hunywa mafuta mengi. Rojo jepesi huziba vijishimo hivyo, rojo zito hugeuka kuwa mkate unaokunywa mafuta wenyewe. Lenga rojo linalopaka tu, hata ukiona weupe wa koliflawa kwa mbali. Ukichanganya unga wa mchele kidogo kwenye dengu, bajia hukauka vizuri na kunywa mafuta kidogo kuliko ukitumia unga wa ngano. Magadi au poda ya kuumulia acha kabisa: hufanya rojo liwe na matundu mengi, na matundu ni nyumba ya mafuta. Isitoshe, hivyo vyote vina sodiamu, nawe presha yako iko juu kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kupikia kina zaidi ya nusu ya sodiamu inayomtosha mtu mzima kwa siku nzima.

Jirani yako na vitamini zake nimjibu kwa kifupi: amekosea, ingawa si peke yake. Ndani ya ua la koliflawa, maadamu bado kuna maji, joto halizidi sana nyuzi 100 hata kama mafuta ya nje ni 180, na muda wa kukaanga ni dakika chache. Vitamini C, ambayo koliflawa mbichi inayo karibu miligramu 48 kwa gramu 100, hupungua lakini haiishi. Foleti na vitamini C huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo anayeichemsha koliflawa mpaka ilegee na kuyamwaga yale maji anaweza kupoteza nyingi kuliko wewe. Kama nawe huichemsha kabla ya kuichovya kwenye rojo, iache hatua hiyo, au iweke kwenye mvuke dakika mbili tatu kisha uikaushe kwa kitambaa. Kinachoumia sana kwa moto wa aina yoyote mkali ni kimeng'enya kinachotengeneza zile kemikali za salfa ambazo familia ya kabichi inasifiwa nazo. Huko mvuke mfupi unashinda karai. Lakini kusema unakula makapi ni kutia chumvi. Nyuzinyuzi zipo, potasiamu ipo, na protini ya dengu ipo.

Aina ya mafuta ndiyo inayogusa moja kwa moja ile kolesteroli uliyoambiwa imepanda, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Maandishi "hayana kolesteroli" kwenye dumu ni ya kweli na hayana maana. Kolesteroli hutengenezwa na wanyama. Hakuna mafuta ya mmea yanayouzwa yakiwa nayo kwa kiasi cha kuhesabika. Ni sawa na kuandika kwenye mfuko wa sukari kwamba haina mifupa. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu yako imetengenezwa na ini lako, na mafuta magumu, yale yanayoelekea kuganda kwenye ubaridi, hulifanya ini lipunguze kazi ya kuiondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Swali la kuuliza dukani ni kiasi cha mafuta magumu. Mafuta ya alizeti yana takriban sehemu moja ya kumi. Ya mawese yanakaribia nusu. Ya nazi yamezidi sehemu nne kwa tano. Kwa hiyo ushauri wa mdogo wako, pamoja na upendo wake, unakurudisha nyuma: mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya kuliko ya alizeti. Sikukatazi tui kwenye mchuzi wa samaki mara mojamoja, wewe ni mtu wa Tanga na sitaki ugomvi. Ila usiyafanye ya karai.

Mafuta ya mgando ya kopo yaangalie kwa jicho jingine. Yakiwa yametengenezwa kwa kugandisha mafuta ya mmea nusunusu kiwandani, huwa na mafuta ya transi, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula, na kiwango linachopendekeza kisizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Kama kopo halisemi lina nini, liache dukani.

Alizeti nayo ina masharti. Muundo wake laini unaoifaa mishipa yako ndio huohuo unaoifanya ichoke haraka kwenye moto. Mawese huvumilia karai siku nyingi zaidi, na hiyo ni moja ya sababu wauza chipsi wanayapenda. Basi kanuni yangu ni hii: chagua alizeti iliyosafishwa, lakini usiitumie wiki nzima. Yale ya kukamuliwa kwenye viwanda vidogo, yenye rangi nzito na masimbi chini, ni matamu kwenye kachumbari au mboga za majani. Kwenye karai huanza kutoa moshi mapema.

Kuyachuja kwako kila siku ni jambo jema, maana chembe za rojo zilizoungua huharakisha uharibifu. Lakini chujio haliondoi kilichokwisha kubadilika. Kila yanapochemshwa, mafuta hukutana na hewa, maji na joto. Yanaoksidika, yanavunjika, mengine yanaungana kuwa kitu kizito kinachonata. Mafuta yaliyochoka hushika zaidi kwenye chakula, kwa hiyo siku ya sita bajia zako zinakunywa mengi kuliko siku ya kwanza. Yatumie mara mbili, ikizidi tatu. Yakitoa povu lisiloisha, yakinata ukiyashika kati ya vidole, yakinuka, yakiwa meusi, au yakifuka moshi kabla hata hayajapata moto, muda wake umeisha. Usiyaongezee mapya juu ya ya zamani. Mapya ndiyo yatakayoharibika. Na yakipoa yahamishie kwenye chupa yenye kifuniko, mahali pa giza, usiyalaze ndani ya karai la chuma.

Rangi ya bajia nayo ina maana yake. Umesema unakaanga "mpaka ikauke vizuri", nami najua watu wengine kukauka kwao ni kahawia ya kahawa. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kemikali iitwayo akrilamidi ndani ya vyakula vilivyopikwa kwa moto mkali; hutokea pale vyakula vya mimea vyenye sukari za asili na asidi amino iitwayo asparajini vinapopikwa kwa joto la juu, zaidi ya nyuzi 120. Hiyo imewekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, kwa sababu ya majaribio kwa wanyama. Tafiti za watu na vyakula vyao hazijatoa jibu linalofanana. Sitakutisha nayo. Kadiri chakula kinavyozidi weusi ndivyo inavyoongezeka, na koliflawa haijasalimika, iwe ya karai au ya oveni. Toa bajia zikiwa za dhahabu. Zilizoungua ukingoni, acha.

Utaniuliza, basi kukaanga kwenyewe ni dhambi? Hapana, na ushahidi hauko upande mmoja kama baadhi ya wenzangu wanavyousimulia. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Hispania uliofuatilia watu zaidi ya 40,000 kwa miaka 11 hivi. Waliokula vyakula vya kukaanga kwa wingi hawakuonekana kupata ugonjwa wa moyo kuliko waliokula kidogo. Lakini Wahispania hao walikaanga kwa mafuta ya zeituni au alizeti, wengi nyumbani. Tafiti za Marekani, ambako vya kukaanga aghalabu ni vya mgahawani vikiwa na chumvi nyingi, zimeleta picha mbaya zaidi. Mimi ninavyousoma ushahidi huo, karai la nyumbani lenye alizeti mpya mara moja au mbili kwa wiki halimtishi mtu mwenye afya. Kwako, mwenye sukari ya mpakani, kolesteroli juu na uzito unaopanda, jioni saba kwa wiki ni nyingi mno, hata kama zingekaangwa na malaika.

Siku nyingine tano ule nini? Koliflawa ileile. Kama unajua kupalia mkate wa kumimina, tayari una oveni. Changanya vichwa vya koliflawa na kijiko kimoja na nusu cha mafuta, binzari, kitunguu saumu, pilipili manga na unga wa dengu vijiko viwili vya kunyunyizia tu, vitandaze kwenye sufuria pana bila kubanana, weka moto kidogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko, dakika 25 hivi, ugeuze mara moja. Zinatoka na ukingo mkavu na utamu ambao karai hauleti, kwa sababu sukari zake za asili zinakolea badala ya kufunikwa na rojo. Mwenye kikaangio cha hewa moto afanye vivyo hivyo. Asiye na mkaa wala umeme wa uhakika atumie kikaango cha kawaida: vijiko viwili vya mafuta, funika dakika tano ili mvuke wake wenyewe uilainishe, kisha funua uigeuzegeuze mpaka ishike rangi. Kwa njia zote hizi nusu koliflawa haizidi kalori 350 au hivyo. Hazitakuwa bajia, siwezi kukudanganya. Ule ukavu unaolia mdomoni ni wa mafuta mengi tu. Ndiyo maana nimekuachia siku mbili.

Siku hizo mbili, hesabu bajia kuwa ndicho chakula. Weka pembeni kachumbari na kipande cha samaki au yai, na wali upumzike. Chatne ya ukwaju itie ukwaju bila sukari. Chumvi ya rojo ipunguze nusu, ongeza ndimu na pilipili. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyofichwa kwenye mkate, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Kuhusu mume wako na jongo, mpelekee mama mkwe salamu zangu kwa heshima. Dhana hiyo ilitoka mahali: koliflawa ina purini kiasi, na purini ndizo zinazogeuka asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo ikizidi mwilini. Hata vitabu vya zamani viliikataza. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionesha kwamba nyama na vyakula vya baharini viliongeza jongo, wakati mboga zenye purini hazikuongeza. Kwa hiyo maini, nyama nyekundu, dagaa, kamba na bia vimhusu kuliko koliflawa. Unga wa dengu nao hakatazwi. Akipunguza mafuta na uzito, jongo lenyewe litamshukuru.

Mawili ya haraka kwa wasomaji wengine watakaopita hapa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo huvurugwa na vitamini K nyingi, asiiogope koliflawa; vitamini K yake ni kidogo, sukuma wiki inaizidi zaidi ya mara ishirini. Na mwenye tezi la shingo linalofanya kazi pungufu anaweza kula koliflawa iliyopikwa kwa kiasi cha kawaida, mradi atumie chumvi yenye madini joto na ameze dawa zake.

Mpaka hapa nimejibu ya jikoni. Kuna mengine hayajibiwi kwa maandishi. Miezi mitatu imeshapita, rudi upimwe: sukari ya asubuhi, kile kipimo cha HbA1c kinachoonesha wastani wa miezi miwili mitatu, mafuta ya damu yote kwa mgawanyo wake, na presha. HbA1c ikifika asilimia 6.5, au sukari ya asubuhi ikifika 7.0 na kurudiwa ikabaki hapo, hicho ni kisukari, na mazungumzo yatabadilika kuwa ya dawa pamoja na chakula. Presha ikigota 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, usiisubiri koliflawa iishushe. Kama kuna afisa lishe kwenye hospitali au halmashauri yako, muone ana kwa ana, umweleze unachokula siku nzima. Mimi nimeona jioni tu.

Na usisubiri tarehe ya kliniki ukiona haya: maumivu chini ya mbavu za kulia, saa moja au mbili baada ya kula vya mafuta, yanayoelekea mgongoni au kwenye bega. Hayo yanaweza kuwa mawe kwenye kibofu cha nyongo, na yakija na homa au macho ya manjano ni dharura ya siku hiyohiyo. Kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukata, hata kama unadhani ni gesi au kiungulia cha bajia, nenda hospitali mara moja. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara nyingi na kukonda bila sababu, pima sukari siku hiyo.

Ukienda, beba daftari lako pamoja na zile namba za saa ya tatu na ya nne, na uandike pia mafuta yaliyopungua kwenye kikombe. Daktari akiviona hivyo viwili pamoja, atajua kwa haraka aanzie wapi.